Mizani ya Bariadi

Kwenye stendi ya Bariadi, wakala wa basi huinua kifurushi, huuliza kinakwenda Mwanza au Dar es Salaam, kisha hutaja bei. Mtu akiitia hesabu hiyo kwenye programu, ameivumbua?

Ndilo swali la tasnifu yangu ya uzamili. Sheria yetu ya Hataza ya 1987 hailindi kilicho dhahiri kwa mjuzi wa fani. Marekani, mwaka 2007, Mahakama ya Juu iliamua katika KSR dhidi ya Teleflex, kesi ya pedali ya gari, kwamba kuunganisha vinavyojulikana kwa matokeo yanayotarajiwa si uvumbuzi.

Lakini nani anajulikana kuwa mjuzi? Usukumani, wakulima wa pamba waliopunjwa kwenye mizani walijenga ushirika wao. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama, Victoria Federation of Co-operative Unions. Walijua kwamba anayeshika mizani ndiye anayeshika bei.

Ujuzi wa stendi nao ni wa kweli, ila haujaandikwa, na lisiloandikwa ni gumu kulithibitisha mahakamani. Tuuandike sasa, kabla hatujatozwa ada kwa hesabu yetu wenyewe.