Kura ya Mwanamke na Sharti la Kusoma: Kitale na Sirisia, 1919–1963

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni njia ya kugawa jambo kwa bahati. Anayepigiwa kura ya namna hiyo haulizwi elimu yake wala mali yake. Katika Kenya ya kikoloni neno hilo lilipata maana nyingine, na pamoja nayo likaja swali la nani astahiliye. Historia ya swali hilo yaonekana wazi katika nchi iliyo kati ya Kitale na Sirisia.

Chama cha wanawake wa Kizungu, East Africa Women's League, kiliundwa mwaka 1917, na Isabel Ross alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mojawapo ya madai yake lilikuwa kura. Mwaka 1919 wanawake wa Kizungu walipewa haki hiyo, wakati uleule ambapo mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa yakigawiwa walowezi. Hivyo mke wa mlowezi wa Kitale alikuwa mpigakura, ilhali Wabukusu waliolima shamba lake, wanaume kwa wanawake, hawakuwa na kura yoyote. Mwaka 1938 Lady Sidney Farrar alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nyanza. Jina la kiti lilikuwa la Kiafrika, wapigakura wake wakiwa Wazungu.

Waafrika walipiga kura mara ya kwanza Machi 1957, kwa mpango wa Walter Coutts. Sifa zilihesabiwa: elimu, mapato ya pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu na kadhalika, mwenye sifa nyingi aliweza kupata hata kura tatu. Sheria haikumtaja mwanamke kwa kumkataza. Haikuhitaji kufanya hivyo, kwa kuwa shule na mshahara vilikuwa vimekwisha kumchuja. Katika Nyanza ya Kaskazini, Masinde Muliro alimshinda W. W. W. Awori.

Uchaguzi wa Februari 1961 ndio unaowahusu zaidi wanaisimu. Miongoni mwa sifa zilizotosha ilikuwa kujua kusoma na kuandika lugha yako mwenyewe, au kuwa na umri uliozidi miaka 40. Kwa kipimo hicho, bibi wa Sirisia asiyejua herufi aliweza kuandikishwa kwa umri wake, na binti yake mwenye miaka 25, asiyesoma na asiye na sifa nyingine, akaachwa nje. Tena, lugha yake ni ipi? Msomaji wa Kibukusu alikuwa akiishi katika nchi ambamo wamisheni wa Kaimosi waliandika Kimaragoli, na ambamo katika miaka ya 1940 Kamati ya Lugha ya Luyia ilijaribu kuunganisha maandishi ya lahaja zote. Mabishano ya tahajia, ambayo kwa kawaida huachiwa wataalamu, yaligusa hapa haki ya raia.

Mwaka huohuo wa 1961 Priscilla Abwao aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 alikwenda London kwenye mkutano wa pili wa Lancaster House, akiwa mwanamke pekee Mwafrika katika ujumbe wa Kenya. Wakati KANU na KADU walipokuwa wakishindania majimbo na ardhi, yeye aliomba mwanamke ashiriki katika taifa jipya akiwa sawa na mwanamume. Ombi hilo lilivuka suala la kura. Yamkini ndiyo sababu halikupewa uzito.

Mei 1963 kila mtu mzima alipiga kura, asome asisome. Hakuna mwanamke aliyechaguliwa katika bunge hilo. Wa kwanza, Grace Onyango, alichaguliwa Kisumu mwaka 1969. Na katika kifungu cha katiba kilichokataza ubaguzi, jinsia haikutajwa hadi 1997, miaka 35 baada ya Abwao kuzungumza London.