Haki ya Mtunzi na Uhuru wa Kutunga

Mwanafunzi akifungua kitabu chake cha fasihi, nyuma ya ukurasa wa jina atakuta maneno machache yaliyopigwa chapa kwa herufi ndogo: "Haki zote zimehifadhiwa." Mara nyingi hufuata onyo kwamba hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu bila idhini. Wengi wetu huyapita maneno hayo bila kuyasoma. Hata hivyo ndani yake mna swali kubwa la utamaduni. Ikiwa maneno ya kitabu yana mwenyewe, je, sisi wengine tuna uhuru gani wa kuyajibu, kuyafasiri na kuyageuza yawe kitu kipya? Na ikiwa hayana mwenyewe, mtunzi ataishi kwa nini, na nani atakubali kukesha akitunga?

Katika insha hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Tutaanza na desturi za watunzi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kisha tutakwenda Uingereza, ambako ndiko ilikozaliwa sheria ya hakimiliki tuliyoirithi, na mwisho tutarudi nyumbani. Tutaona kwamba haki ya mtunzi na uhuru wa kutunga vimeweza kukaa pamoja kila mara haki hiyo ilipowekewa mpaka unaojulikana, na kwamba mpaka ulipokosekana, ama mtunzi alidhulumiwa ama umma ulifungwa mdomo.

Desturi ya watunzi wa pwani

Kabla ya kuja kwa mitambo ya kupigia chapa, washairi wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja hawakuwa na sheria iliyoandikwa juu ya mali ya utungo. Lakini haikuwa kweli kwamba tungo zao hazikuwa na wenyewe. Mtunzi wa utendi alizoea kujitaja katika beti za mwisho: jina lake, pengine ukoo wake, na mara nyingine idadi ya beti na mwaka wa kutunga. Jina hilo lilikuwa muhuri. Aliyeghani utendi mbele ya watu alilazimika kufika kwenye jina la mwenyewe, na aliyepunguza au kuongeza beti angeweza kufichuliwa na hesabu iliyotajwa ndani ya utungo.

Pamoja na muhuri huo, desturi iliacha mlango wazi. Tutazame takhmisi. Katika bahari hii mshairi huchukua utungo wa mshairi aliyemtangulia na kuutilia mishororo yake hadi kila ubeti utimie mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye takhmisi ya utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Sayyid Abdallah hakuiba, kwa kuwa kila msikilizaji alijua maneno ya zamani ni ya nani na mapya ni ya nani. Wala hakuzuiwa, kwa kuwa kuutia nyama utungo wa mkubwa kulihesabiwa kuwa ni kumheshimu.

Hali kadhalika katika malumbano. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama wa Lamu na Mombasa, washairi wa miji hiyo walipelekeana mashairi. Bwana Zahidi Mngumi alisema kwa upande wa Lamu, na Muyaka bin Haji kwa upande wa Mombasa. Sanaa ya kujibizana hutaka mshairi alidake neno la mwenziwe, aligeuze, na kumrudishia likiwa na makali mapya. Kama neno la mshairi lingekuwa mali asiyoweza kuguswa na mwingine, malumbano yasingewezekana, na pamoja nayo ingekufa njia mojawapo ambayo watu wa pwani waliitumia kuwakosoa wakubwa na kupimana hoja hadharani.

Tena, ni kunakili kulikomwokoa Muyaka. Alifariki mnamo mwaka 1840 bila kuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu wa Mombasa, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, miaka 100 baada ya kufa kwa mshairi. Leo tunamsoma Muyaka shuleni kwa sababu watu walikariri na kunakili, na tunamjua kwa jina kwa sababu waliokariri na kunakili hawakulifuta jina lake.

Uingereza: kutoka kufuli hadi mpaka

Huko Uingereza mambo yalianza kwa njia nyingine. Mwaka 1557 Malkia Mary alikipa chama cha wauza vitabu na wapiga chapa wa London hati ya kifalme. Tangu hapo kupiga chapa kukawa ni kazi ya wanachama wa chama hicho, isipokuwa kwa wachache waliopewa kibali maalumu. Mwanachama aliyeandikisha kitabu katika daftari la chama alikuwa peke yake mwenye haki ya kukitoa. Haki hiyo haikuwa ya mwandishi. Ilikuwa ya muuza vitabu. Nayo serikali ya kifalme ilikuwa na sababu yake ya kuilinda: chama kilipewa uwezo wa kuzisaka na kuziharibu chapa zisizoruhusiwa, na hivyo maandishi ya wapinzani wa dini na wa utawala yakadhibitiwa. Ukiritimba wa biashara na udhibiti wa fikra vilikuwa kufuli moja yenye funguo mbili.

Mshairi John Milton aliishambulia kufuli hiyo mwaka 1644 katika kijitabu chake Areopagitica, akidai kwamba vitabu viachwe vitoke bila kupewa kibali kwanza. Bunge halikumsikiliza wakati ule, na sheria ya vibali ikatungwa upya mwaka 1662. Lakini mwaka 1695 Bunge lilikataa kuirefusha sheria hiyo, nayo ikafa. Wauza vitabu wa London waliopoteza kinga yao walilia kwa miaka kadhaa. Ndipo walipobadili hoja na kuanza kuwataja waandishi, ambao hapo awali hawakuwatajataja sana, wakisema kwamba bila ya kinga mwandishi na jamaa zake wataangamia.

Matokeo yake ni Sheria ya Malkia Anne, iliyoanza kutumika mwaka 1710. Kichwa chake chenyewe kilisema kwamba ni sheria ya kuhimiza elimu. Kwa mara ya kwanza mwandishi alitajwa kuwa ndiye mwenye haki, na kwa mara ya kwanza haki hiyo ilipewa mwisho: kitabu kipya kililindwa kwa miaka 14, na miaka mingine 14 ikiwa mwandishi angali hai. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa kabla ya sheria vilipewa miaka 21. Aidha, nakala 9 za kila kitabu kilichoandikishwa zilitakiwa zipelekwe katika maktaba zilizotajwa, ili wasomaji nao wapate fungu lao.

Wauza vitabu wakubwa hawakuridhika na mwisho huo. Miaka ilipokwisha walidai mahakamani kwamba nje ya sheria ya Bunge kuna haki ya asili isiyokoma, na mwaka 1769 walishinda katika kesi moja. Aliyewapinga hadi mwisho ni Alexander Donaldson, muuza vitabu kutoka Edinburgh aliyechapa vitabu vya bei nafuu. Alishtakiwa kwa kuchapa mashairi ya James Thomson, mshairi aliyefariki mwaka 1748. Mwezi Februari 1774 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa, liliamua kwamba haki ya kitabu kilichokwisha kuchapishwa haidumu milele. Hukoma pale sheria ilipoikomesha. Baada ya hapo chapa za bei rahisi za waandishi wa zamani ziliongezeka, na watu ambao hawakuweza kununua kitabu hapo awali wakaanza kusoma.

Shakespeare na Mwalimu Nyerere

Pengine mwanafunzi atauliza: ugomvi wa wauza vitabu wa London unatuhusu nini? Jibu limo katika rafu za vitabu vyetu wenyewe. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo zilikuwa ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fasihi nzito ya dunia. Mwalimu hakuhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kumfasiri Shakespeare, kwa kuwa haki juu ya tamthilia zile ilikwisha zamani. Kama wauza vitabu wangeshinda mwaka 1774, huenda warithi wao wangekuwa wakidai kodi hata leo kwa kila tafsiri na kila onyesho la shule.

Shakespeare naye alikuwa mkopaji. Habari za Kaizari alizipata kwa Plutarch, katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Na kisa cha Mabepari kinafuata hadithi ya Kiitaliano iliyotangulia. Hivyo basi tunaona mnyororo: Mgiriki alisimulia, Mwingereza akafasiri, Mwingereza mwingine akatunga mchezo, na Mtanzania akaufanya uwe wa Kiswahili. Kila pete ya mnyororo ilihitaji uhuru wa kuishika pete iliyotangulia. Lakini tusisahau kwamba tafsiri ya Mwalimu ni kazi yake mwenyewe, yenye jasho lake. Maneno ya Shakespeare yako huru. Kiswahili cha Mwalimu kina mwenyewe.

Pale mnyonge anapokosa kinga

Ingekuwa kosa kudhani kwamba hatari iko upande wa ukiritimba tu. Mwaka 1939 Solomon Linda, mwimbaji Mzulu wa Afrika ya Kusini, alirekodi Johannesburg wimbo wake Mbube, neno lenye maana ya simba. Haki ya wimbo ilikwenda kwa kampuni kwa malipo madogo sana. Wimbo ulivuka bahari; waimbaji wa Marekani waliuimba kwa majina mengine, na mwaka 1961 toleo la kundi la The Tokens lilienea ulimwenguni. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Jamaa zake walisaidiwa na kifungu cha Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, kilichosema kwamba haki aliyoiuza mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Kwa nguvu ya kifungu hicho walifungua madai, na mwaka 2006 yakafikiwa mapatano ya kuwalipa.

Kuuimba wimbo wa Linda na kuutia sauti mpya halikuwa kosa. Washairi wa takhmisi walifanya mfano wa hayo. Kosa lilikuwa kulizika jina lake na kula jasho lake. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sheria yetu na wajibu wetu

Sheria hiyo ya 1911 ilitumika pia katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Uingereza. Baada ya uhuru Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatunga sheria mpya ya Hakimiliki na Haki Shirikishi kwa Tanzania Bara, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2003. Sheria ya 1999 iliweka kipimo cha maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa kipimo hicho haki za maandishi ya Shaaban Robert, aliyefariki 1962, zilifika mwisho wake mwaka 2012; na za tafsiri za Mwalimu, aliyefariki 1999, zinafika mwaka 2049.

Ndani ya mpaka huo sheria imeacha malango. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki na kwa kumtaja mwandishi, na inaruhusu matumizi fulani katika kufundisha. Tena hailindi fikra tupu. Inalinda namna fikra ilivyoelezwa. Kisa cha Fumo Liyongo ni cha watu wote. Muhamadi Kijumwa alipokitungia utendi mwaka 1913, beti zilikuwa zake, lakini kisa hakikuwa chake peke yake, na mwandishi mwingine anaweza kukisimulia upya kwa maneno yake.

Basi yatupasa walimu na wanafunzi kuijua mipaka hiyo kwa vitendo. Mwanafunzi anayenukuu aya ya riwaya ili aipinge anatumia uhuru wake. Mradi amtaje mwandishi. Kikundi cha maigizo kinachomdhihaki shujaa wa kitabu kwa maneno mapya kinafanya kazi ileile ya washairi wa malumbano. Lakini shule inayotoa nakala za riwaya nzima kwa mashine na kuwauzia wanafunzi inamnyima mwandishi aliye hai riziki yake, na mwandishi aliyekata tamaa hataandika kitabu cha pili. Shule yenye kitabu kimoja kwa darasa zima ina shida ya kweli, nayo shida hiyo yataka maktaba na vitabu vya bei nafuu. Haifai kulipiwa na mtunzi peke yake. Mcheza kwao hutunzwa, na wa kumtunza mtunzi wetu ni sisi tunaomsoma.