Yakuti Isiyo Yakuti

Mbele ya taji la wafalme wa Uingereza limepachikwa jiwe kubwa jekundu liitwalo "Yakuti ya Mwanamfalme Mweusi". Ndugu msomaji, jiwe hilo si yakuti. Ni la'li.

Yasimuliwa kwamba lilikuwa katika hazina ya Muhammad wa Sita, sultani wa Granada. Mwaka 1362 sultani huyo alikwenda Seville kwa Pedro, mfalme wa Castile, kutaka hifadhi. Na Pedro akamwua mgeni wake na kuitwaa mali yake. Mwaka 1367 jiwe likapewa Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, kuwa malipo ya msaada wa vita. Damu imemwagika, na waliokipokezana kito hicho hawakujua hata ni kitu gani!

Lakini wanavyuoni wetu walikuwa wamekwisha kujua. Abu Rayhan al-Biruni (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alitunga huko Ghazna kitabu kizima cha johari, Al-Jamahir. La'li ilitoka milima ya Badakhshan, na wekundu wake huweza kumdanganya hata sonara mzoefu. Al-Biruni hakutosheka na jicho. Alitazama kipi hukwaruza chenziwe, akaona yakuti ni ngumu zaidi. Kisha akakitumbukiza kila kito katika chombo kilichojaa maji, akayapima maji yaliyomwagika. Akiifanya yakuti samawi kuwa 100, la'li ya ukubwa ule ule ilikuwa kiasi cha 90. Wapimaji wa leo husema 4.0 na 3.6, na ukipiga hesabu utaona ni jambo lile lile. Ulaya walikuja kuvitenganisha vito hivi mwaka 1783. Wale wanaodai kwamba Waislamu wa kale walinakili tu elimu ya Wayunani, nawakalie hesabu hiyo kwanza.

Ajabu ni kwamba la'li ilipojulikana kuwa si yakuti, wanunuzi wa Ulaya waliipunguzia heshima, na hali rangi yake haikupungua hata chembe. Wafalme wa Kimughali wa Bara Hindi waliijua kwa jina lake na wakaipenda hivyo hivyo, wakachora majina yao juu yake. Sasa soko limegeuka tena. Mwaka 2007 huko Mahenge, Tanzania, yalichimbwa mapande ya la'li ya rangi ya waridi, moja likipita kilo 50, na wafanyabiashara wa vito wakaikimbilia ile ile iliyodharauliwa.