Oktani Si Nguvu: Historia ya Ile Namba Unayolipia Kwa Pampu

Wasee wangu wa ndai, leo naanza na msimamo wangu ndio mkitaka kunipinga mjue mnapinga nini: oktani si nguvu. Mafuta ya oktani ya juu hayana moto mwingi kuliko Super ya kawaida. Ile namba inapima kitu kimoja tu, uvumilivu. Na ukijua ilitoka wapi, hakuna mtu atakubabaisha tena na rangi ya pampu ama jina tamu la mafuta.

Tuingie ndani ya silinda kwanza. Pistoni inapanda, inabana hewa na petroli, halafu plagi inatoa cheche. Mambo yakiwa poa, moto unasambaa kutoka kwa plagi kama wimbi na kuisukuma pistoni chini. Lakini ukibana sana, joto linapanda, na yale mafuta yaliyobaki pembeni yanajiwasha yenyewe kabla wimbi halijafika. Hapo ndio unasikia ile ka-ka-ka, na fundi anakuambia injini inagonga. Ikiendelea hivyo, hasa kwa injini ya turbo, pistoni inapasuka na ringi zinavunjika. Shida ni kwamba huko kubana zaidi ndiko kunaleta nguvu. Kwa hivyo historia ya injini za mbio, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu kutafuta mafuta yanayovumilia kubanwa.

Mmoja wao alikuwa Thomas Midgley, aliyefanya utafiti wa General Motors pale Dayton, Ohio. Tarehe 9 Desemba 1921, timu yake iligundua kwamba ukitia kiasi kidogo sana cha mchanganyiko wenye madini ya risasi kwa petroli, injini inaacha kugonga. Februari 1923 mafuta hayo yakaanza kuuzwa mjini humo kwa jina la Ethyl. Neno risasi halikuwa kwa hilo jina, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Hii ndio sehemu inaniuma. Pombe ya ethanoli pia inazuia kugonga, na Midgley alijua, aliijaribu mwenyewe. Lakini ethanoli mkulima yeyote mwenye mtambo angeweza kutengeneza. Risasi ilikuwa na hataza, yaani mwenye hataza ndiye anakula pesa. Hata hapa kwetu, miaka ya 1980, Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya molasi ya miwa kutoka Muhoroni. Kwa hivyo msiniambie ilikuwa ndoto.

Oktoba 1924, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza ile dawa ya risasi kwa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walianza kuona vitu ambavyo havipo. Watano wakafa. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono na ile dawa mbele yao, akainusa kwa dakika nzima kuonyesha haina noma. Mwaka mmoja nyuma yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kupumzika kazi juu risasi ilikuwa imemdhuru. Biashara ikaendelea.

Sasa namba yenyewe. Kila kampuni ilikuwa inasema mafuta yake ni bora, na hakukuwa na njia ya kulinganisha. Graham Edgar, mwanakemia wa kampuni hiyohiyo ya Ethyl, akachukua vimiminika viwili. Kimoja, iso-oktani, kilivumilia sana kubanwa, akakipa 100. Kingine, heptani, kilichotolewa kwa utomvu wa aina fulani ya msonobari wa California, kiligonga vibaya, akakipa 0. Mwaka wa 1927 akachapisha kipimo chake. Petroli ikigonga sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5, hiyo ni oktani 95. Basi. Namba haisemi lolote kuhusu nguvu.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwa vita. Mwaka wa 1940, ndege za Uingereza za Spitfire na Hurricane zilihamia mafuta ya oktani 100. Ziliongeza kasi kwa mwinuko wa chini, lakini sikiza vizuri: si mafuta peke yake yaliyofanya hivyo. Mainjinia walirekebisha injini ya Merlin ili presha ya hewa inayosukumwa ndani ipande kutoka pauni 6 hadi 12 kwa kila inchi ya mraba. Mafuta yalitoa ruhusa, na injini ikaitumia. Kama wangemwaga oktani 100 bila kugusa kitu kingine, wangekuwa wamebadilisha mafuta tu.

Hiyo ndio hesabu ya ndai yako. Vitz ama Probox ya kawaida iliundwa kwa petroli ya regular ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni RON 89. Ukiipatia mafuta ya bei ya juu kwa sababu ya oktani, unaipatia ruhusa ambayo haina mahali pa kutumia. Subaru WRX STI iliyotoka Japani ni hadithi tofauti. Hiyo inataka premium, ambayo kwao huanza RON 96. Ukiiwekea mafuta ya chini, sensa inasikia mgongo na kompyuta inachelewesha cheche. Injini inaokoka, lakini nguvu uliyolipia inapotea. Na kama umepandisha presha ya turbo bila kubadilisha mafuta, hiyo kompyuta haina miujiza.

Kitu kingine, msisome namba za Wamarekani kama zetu. Wao huandika kwa pampu wastani wa vipimo viwili, kwa hivyo 91 yao iko karibu na RON 95 ama 96. Na Nairobi tuko juu sana, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inabanwa kidogo hapa, kwa hivyo inasamehe. Ukiteremka nayo Mombasa, hewa nzito na joto, msamaha unapungua.

Na zile chupa za kuongeza oktani? Soma kibandiko. Nyingi zinatumia manganizi, ambayo huacha masalio mekundu kwa plagi. Mimi huwa naogopa mtu akiniambia chuma ndani ya mafuta hakina shida, juu hiyo story tuliisikia 1924.

Tena tuliilipia. Petroli ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Kama ulizaliwa Nairobi kabla ya hapo, moshi wa matatu uliokuwa ukivuta ulikuwa na risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa Gigiri. Karibu miaka mia moja, ndio injini ziweze kubanwa zaidi.

Kwa hivyo kabla ya kubishana na mimi, fungua kifuniko cha tangi ama kitabu cha gari, usome mwenye kuiunda alitaka RON ngapi. Halafu uliza stesheni yako wanauza RON ngapi, si jina, namba. Wakikujibu, niambie hapa chini walisema nini. Nataka kujua ni stesheni ngapi zinajua.