Kabla ya Mkorogo Tulikuwa na Singo

Bibi zetu hapa Unguja hawakujaza makopo mezani. Usiku walinawa uso, wakajipaka mafuta ya nazi. Liwa waliisaga kwenye jiwe kwa marashi ya waridi. Biharusi alisingwa na somo wake kwa singo ya asumini, mlangilangi na karafuu, zao lililofika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Singo ilisafisha na kunukisha, haikubadilisha rangi.

Kisha ukaja mkorogo. Krimu nyingine zina zebaki, inayodhuru figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 ulitaka zikome ifikapo 2020, lakini bado zinauzwa.

Biharusi wetu, sabuni laini na mafuta vinatosha. Ngozi aliyotupa Allah ni amana.