Ngazi ya Nairobi, Funzo la Kigali

Uwanja wa gofu wa Nyarutarama, mjini Kigali, ulifunguliwa upya mwaka 2021 ukiwa na mashimo 18, kwa ramani ya kampuni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini. Uwanja sasa upo. Swali lililobaki ni la wachezaji, na jibu lake limo katika historia ya jirani.

Mashindano ya Kenya Open yalianzishwa mwaka 1967. Kuanzia 1991 hadi 2018 yalikuwa sehemu ya Challenge Tour, mzunguko wa Ulaya wa kuwakomaza wachezaji wa kulipwa kabla hawajapanda daraja la juu. Wengi waliitumia ngazi hiyo ipasavyo. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda Nairobi mwaka 2000. Mwaka 2008 alitwaa ubingwa wa Masters huko Marekani.

Na wenyeji je? Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alilingana na Ricardo González wa Argentina, akashindwa katika mchuano wa kuamua mshindi. Tangu 1967 hadi 2025 hakuna mwana wa Afrika Mashariki aliyelitwaa kombe hilo.

Kila ofisa na askari analielewa jambo hili: kambi nzuri haitoshi kufanya jeshi hodari. Hapana budi vijana wabebao mifuko ya fimbo wapewe mwalimu, nafasi ya mazoezi na mashindano ya mara kwa mara. Mchumia juani hulia kivulini.