Dafrao

Dafrao ni boya au mto wa mpira unaotundikwa ubavuni mwa chombo ili kisigonge wala kusuguana na gati. Nchini Rwanda huwafaa hasa mabaharia wa magharibi, kwenye Ziwa Kivu, katika Rubavu, Karongi na Rusizi.

Ukubwa hufuata urefu wa chombo: kila mita 1.2 hadi 1.5 hudai sentimita 2.5 za kipenyo. Boti ya mita 10 basi inahitaji dafrao za sentimita 20 hivi, zisizopungua 3 upande wa gati. Ya kwanza hukaa pale ubavu ulipotanuka zaidi, kwa kuwa ndipo panapogusa mwanzo; nyingine huelekea omo na tezi. Gati linaloelea huzitaka karibu na maji, na boti mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu huzitaka juu. Gati la nguzo ni gumu zaidi: dafrao iliyosimama huteleza kando ya nguzo, kwa hiyo ilazwe, au ubao mrefu utundikwe nje ya dafrao mbili.

Kivu haina kupwa na kujaa, tofauti na Zanzibar, ambako wakati wa bamvua maji hupanda karibu mita 4 na kamba haina budi kurekebishwa. Tairi kuukuu hufaa sana kama dafrao ya vyombo vizito vya mbao, ila huacha weusi kwenye rangi. Livikwe gunia, litobolewe chini maji yatoke.